Miaka sita nilisoma sukari peke yake

Niligundulika na kisukari cha aina ya pili nikiwa na miaka 40. Kwa miaka sita iliyofuata nilijihesabu miongoni mwa wagonjwa wanaojitunza. Nilikuwa na mashine yangu ya kupimia sukari, na daftari la vipimo vya asubuhi na vya saa mbili baada ya kula. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kile wanachokiita HbA1c, kilikuwa kinacheza kati ya asilimia 7.0 na 7.4. Kliniki walinisifu, nami nikaridhika.

Wakati wote huo wa kusifiwa, figo zangu zilikuwa zinavuja. Na karatasi ambayo ingenistua mapema nilikuwa nayo kabatini, ndani ya bahasha. Ilikuwa karatasi ya vipimo vya mafuta ya damu. Niliisoma vibaya, nikaifungia, kisha nikaacha dawa. Naeleza yaliyotokea kwa mpangilio wake, pamoja na makosa yangu, kwa kuwa nimeshakutana na wengine watatu kwenye benchi la kliniki waliofanya kosa lilelile.

Mara ya kwanza kupimwa mafuta ilikuwa mwaka wa pili wa ugonjwa. Kolesteroli yote, au lehemu kama wengine wanavyoiita, ilikuwa 232. LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, ilikuwa 136, HDL, ile nzuri, 34, na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 310. Daktari aliniandikia atorvastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku, akasema ni kwa ajili ya moyo. Nje foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa amechoka. Sikuuliza kitu. Nilitoka mle nikiamini kwamba mafuta ni habari ya moyo, na moyo wangu haukuwa na shida yoyote niliyoijua.

Miezi mitano baadaye nilirudia kipimo katika maabara nyingine. Safari hii namba zilikuja ndogo ndogo: kolesteroli yote 4.4, LDL 2.0, HDL 0.9, trigliseridi 3.4. Niliziweka karatasi mbili pamoja mezani, nikaona 310 imekuwa 3.4. Nililia kwa furaha. Nilimpigia mume wangu simu kazini nikamwambia mafuta yote yameisha. Pakiti ya dawa ilikuwa imebaki na vidonge vinne. Nilivimaliza, sikununua vingine.

Nilichokuwa sijui ni kwamba maabara hizo mbili zilitumia vizio tofauti. Ya kwanza iliandika kwa miligramu kwa desilita, ya pili kwa milimoli kwa lita. Kuigeuza namba ya kolesteroli, LDL au HDL kutoka miligramu kwenda milimoli, unaigawa kwa 38.7. Ya trigliseridi unaigawa kwa 88.6. Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi zangu uone. LDL ya mwanzo, 136, ni sawa na 3.5, kwa hiyo kushuka hadi 2.0 kulikuwa kushuka kwa kweli, na kidonge ndicho kilichofanya kazi. Lakini trigliseridi 310 nazo ni 3.5. Zilikuwa zimetoka 3.5 hadi 3.4. Yaani zilikuwa palepale, juu ya kiwango kinachotakiwa cha chini ya 1.7, nami nikashangilia.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu zaidi. LDL ilishuka kwa sababu nilikuwa nameza dawa. Nilichukulia statini, jamii ya dawa ambamo atorvastatini imo, kama dawa ya malaria: unameza, unapona, unaacha. Statini hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini na kulifanya ini livute LDL zaidi kutoka kwenye damu, na kazi hiyo hudumu kwa muda unaoitumia tu. Ukiacha, ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache. Hakuna aliyeniambia hivyo, na mimi sikuuliza. Siku hizi kila namba ninayoiandika kwenye daftari naiandika na kizio chake, na kabla ya kuacha dawa yoyote namwuliza mtu aliyeiandika.

Miaka minne ikapita. Katikati hapo goti la kulia lilianza kuniuma, nikazoea kununua diklofenaki bila cheti. Wiki nyingine nilimeza siku tano mfululizo. Daktari wangu wa kisukari hakujua, kwa sababu sikuona uhusiano wa goti na sukari. Presha nayo ilianza kupanda: 138 kwa 86, 142 kwa 88. Nilisema ni ngazi za kliniki.

Dalili sikuwa nayo hata moja. Sikuvimba miguu, sikuwa na povu kwenye mkojo, usingizi ulikuwa mzuri. Ugonjwa wa figo wa kisukari unaweza kutembea miaka mingi bila kumwambia mwenye mwili chochote, na mtu anayesubiri kuvimba ndipo apime atakuwa amechelewa sana.

Aliyegundua ni nesi mpya, binti wa umri wa mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa anapitia faili langu kabla sijaingia kwa daktari, akainua uso.

"Mama, albumini kwenye mkojo walikupima lini?"

"Kila nikija wananipima na kile kijiti. Huwa wanasema protini hakuna."

"Kijiti hicho hakioni kiasi kidogo, mama yangu. Kesho niletee mkojo wa kwanza wa asubuhi, tuupeleke maabara."

Kipimo alichokisema kinaitwa uwiano wa albumini na kreatinini, na kwenye karatasi nyingi huandikwa ACR. Albumini ni protini ya damu ambayo kichujio kizima cha figo hakiruhusu kupita, isipokuwa kidogo sana. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Kati ya 30 na 300 figo zimeshaanza kuvuja. Zaidi ya 300 uvujaji ni mkubwa. Maabara nyingine hutumia miligramu kwa milimoli, na hapo mipaka ni takribani 3 na 30, kwa hiyo angalieni kizio tena. Majibu yangu yalikuwa 240 kwa gramu.

Daktari hakunihukumu kwa karatasi moja. Wiki ile nilikuwa na homa na maumivu wakati wa kukojoa, na ilibainika nina maambukizi ya njia ya mkojo. Alinieleza kwamba maambukizi, homa, mazoezi mazito ya siku iliyotangulia, hedhi, au sukari iliyopanda sana vinaweza kuipandisha albumini kwa muda. Mtu huhesabiwa kuwa na tatizo pale sampuli mbili kati ya tatu, zilizochukuliwa ndani ya miezi mitatu hadi sita, zinapokuwa juu. Nilitibiwa maambukizi, nikarudia. Sampuli ya pili ilikuwa 172. Ya tatu, 186.

Kiwango cha uchujaji, kile kinachoandikwa eGFR, kilikuwa 61 mara ya kwanza na 58 baada ya miezi mitatu. Chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, au albumini iliyo juu kwa muda huohuo, ni ugonjwa sugu wa figo. Mimi albumini ilikuwa juu, na eGFR nayo ndiyo kwanza ilikuwa imeshuka chini ya 60. Ajabu ni kwamba kreatinini yenyewe, ile namba ambayo wengi huiangalia, ilikuwa imepita mpaka wa kawaida kwa nukta kidogo tu. Kreatinini inaweza kubaki ndani ya mstari hata mtu akiwa amepoteza karibu nusu ya uwezo wa figo. Ndiyo sababu hukokotolewa pamoja na umri na jinsia ili kupata eGFR, na ndiyo sababu mkojo haukwepeki.

Kwa siku tisa sikumwambia mume wangu. Neno "sugu" lilinikaa kooni. Nilikuwa nimewahi kuwaona watu wanaosafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na kila usiku nilijiona kwenye kiti kile. Nilimkasirikia daktari wa kwanza, nikawakasirikia maabara, kisha hasira yote ikanigeukia mimi mwenyewe kwa ajili ya vile vidonge nilivyoacha kununua. Siku ya kumi mume wangu alikuta karatasi chini ya mto. Alikaa kitandani kimya, halafu akaniuliza, "Tunaanzia wapi?" Swali hilo lilinisaidia kuliko pole zote nilizopewa baadaye.

Tulikwenda wawili kwa daktari, na safari hii nilibeba bahasha nzima. Alizipanga karatasi zote mezani kwa tarehe, akazigeuza namba zote ziwe katika kizio kimoja. Halafu akaweka kalamu kwenye mstari ambao sikuwahi kuujali. "Hizi trigliseridi," akasema, "na hii HDL. Tangu mwaka wa pili zilikuwa zinatuambia mwili wako unaishije na kisukari."

Nitajaribu kueleza alichotufundisha siku ile.

Insulini isipofanya kazi vizuri, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huachiwa kuingia kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Ini linayapokea, linayafunga upya na kuyatoa kama chembe zilizojaa trigliseridi. Kimeng'enya cha kuzivunja chembe hizo nacho kinakuwa kimelegea. Kwa hiyo trigliseridi zinapanda, HDL inashuka, na LDL inabadilika ndani kwa ndani, ikawa chembe ndogo zilizoshindiliwa ambazo hupenya kuta za mishipa kwa urahisi. Karatasi inaweza kuonyesha LDL ya wastani tu, kumbe mwenendo wote wa mafuta umeharibika. Mpangilio huo wa trigliseridi juu na HDL chini ndio unaowapata sana wenye kisukari cha aina ya pili.

Sasa figo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba sana. Kwa siku moja figo mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu na kurudisha karibu yote. Sukari iliyo juu na presha huchakaza vifundo hivyo mwaka baada ya mwaka. Mafuta yanayojikusanya ndani ya seli za figo huongeza uharibifu na makovu. Wazo kwamba mafuta ya damu yanaweza kuidhuru figo yenyewe lilitolewa rasmi mwaka 1982 na daktari Moorhead na wenzake, nao walieleza pia upande wa pili: figo inayovuja protini hulisukuma ini kutengeneza zaidi chembe zinazobeba mafuta, hasa uvujaji ukiwa mkubwa. Kwa hiyo mafuta yanaumiza figo, na figo iliyoumia inapandisha mafuta. Nilipoelewa hapo ndipo nilipoona kwa nini karatasi yangu ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza: LDL 3.9, HDL 0.8, trigliseridi 3.8.

Mume wangu aliuliza swali zuri: je, kuna uhakika kwamba trigliseridi ndizo zilizoharibu figo? Daktari hakutaka kutudanganya. Alisema upo utafiti uliofanyika katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2014, wa watu zaidi ya 2,500 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao LDL yao ilikuwa imedhibitiwa. Ndani ya kundi hilo, kadiri trigliseridi zilivyokuwa juu na HDL chini, ndivyo ugonjwa wa figo ulivyoonekana zaidi. "Lakini vitu viwili kuonekana pamoja havithibitishi kwamba kimoja kimekizaa kingine," akasema. "Kwangu mimi hiyo ni kengele. Ninapoziona namba hizi kwa mwenye kisukari, naulizia mkojo siku hiyohiyo." Mimi ningependa kila kliniki ya kisukari ifanye hivyo. Kwa mwenye aina ya pili, albumini na eGFR vinatakiwa kupimwa tangu siku anapogundulika, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Mimi nilikaa miaka sita.

Nilimwuliza kama statini itaziponya figo zangu. Jibu lake lilinivunja moyo kwanza, kisha likanisaidia kuimeza dawa kwa akili. Katika utafiti mkubwa uitwao SHARP, wa wagonjwa wa figo zaidi ya 9,000, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2011, simvastatini pamoja na ezetimibe, dawa nyingine ya kolesteroli, zilipunguza matukio makubwa ya kuziba kwa mishipa kwa asilimia 17. Kasi ya figo kuelekea kushindwa haikubadilika. Sasa kwa nini nimeze? Kwa sababu wagonjwa wengi wa kisukari wenye figo dhaifu hufa kwa moyo na kiharusi kabla hawajafika kwenye mashine. Figo inayovuja ni tangazo la hatari kwa mishipa yote. Miongozo ya mwaka 2013 ya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, inapendekeza statini kwa mtu mzima yeyote mwenye kisukari na ugonjwa wa figo ambaye hajafikia kusafishwa damu, hata kama hajatimiza miaka 50. Mimi nilikuwa na miaka 46.

Hapo kwenye kusafishwa damu pana jambo ambalo wengi hawalijui. Majaribio mawili makubwa, moja la mwaka 2005 kwa wenye kisukari na jingine la mwaka 2009, hayakuonyesha faida ya wazi ya kuanza statini mtu akiwa tayari yuko kwenye mashine. Aliyekuwa anaitumia kabla huweza kuendelea nayo, lakini kuianza wakati huo hakupendekezwi. Yaani faida iko mapema. Nikikumbuka miaka minne niliyokaa bila kidonge kile, moyo bado unaniuma.

Kwa figo zenyewe kulikuwa na dawa nyingine, na hapa ndipo pa matumaini. Ya kwanza ni kundi la dawa za presha zinazopunguza shinikizo ndani ya kile kifundo cha kichujio. Losartani ni mojawapo, na uwezo wake wa kuchelewesha figo kushindwa kwa wenye kisukari cha aina ya pili ulionyeshwa mwaka 2001. Ya pili ni kundi jipya zaidi, linaloitwa vizuizi vya SGLT2, linaloiondoa sukari kupitia mkojo. Majaribio ya mwaka 2019, 2020 na 2022 yalionyesha kwamba dawa za kundi hilo hupunguza mwendo wa ugonjwa wa figo. Nilianza na losartani na atorvastatini, na baada ya miezi mitatu nikaongezewa dapagliflozini, mojawapo ya vizuizi hivyo vya SGLT2.

Diklofenaki ilikatazwa siku ileile. Dawa za maumivu za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na zikichanganywa na losartani na dawa ya kukojosha zinaweza kuiangusha figo ghafla. Goti langu sasa linategemea parasetamoli na mazoezi ya kuimarisha paja, ambayo mtaalamu wa viungo alinionyesha kwa dakika kumi. Niliwaza ni mara ngapi nilimeza vidonge vile bila goti hata kuuma sana.

Wiki tatu baada ya kuanza losartani nilipima damu, na eGFR ikawa 52. Ilikuwa 58. Nilitaka kutupa dawa zote usiku ule. Bahati nzuri nilikuwa nimejifunza kuuliza kwanza. Nesi yule alinipigia simu asubuhi akanieleza kwamba dawa ikishusha shinikizo ndani ya kichujio, uchujaji hushuka kidogo mwanzoni, na kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 huwa wanavumilia wakiendelea kufuatilia. Yangu ilikuwa imepanda kama asilimia 10. Potasiamu ilikuwa sawa. Kama hujaambiwa kabla, kushuka huko kunatisha mno, kwa hiyo muulizeni daktari wenu siku anapoandika dawa: nirudi lini kupima, na namba gani ikinistua nije?

Statini ilinipa maumivu ya misuli ya miguu wiki ya tatu. Walinipima kimeng'enya cha misuli kikawa cha kawaida, wakanishusha kutoka miligramu 20 hadi 10 kwa mwezi mmoja, kisha wakanirudisha taratibu. Maumivu hayakurudi. Nilikuwa nimesoma maneno mengi ya kutisha kuhusu dawa hii, na yangeweza kunifanya niiache mara ya pili. Anayepata maumivu makali au mkojo wa rangi nyeusi aende hospitali haraka; mwenye maumivu madogo aseme, kwa sababu dozi inaweza kubadilishwa na aina inaweza kubadilishwa. Atorvastatini haihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo, lakini baadhi ya statini nyingine zinahitaji. Wadada mnaopanga kushika mimba, semeni mapema: losartani na jamii zake ni hatari kwa mtoto tumboni, na statini nazo kwa kawaida husimamishwa.

Dapagliflozini ilinipa fangasi ukeni mara mbili. Niliona haya kusema kwa wiki nzima, nikateseka bure, maana tiba yake ilikuwa ndogo. Na siku za kuharisha au kutapika niliagizwa nisimamishe dapagliflozini, metformini (dawa yangu ya sukari) na losartani kwa muda, nipige simu, kisha nizirudie ninapoanza kula na kunywa vizuri. Maagizo hayo nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati la dawa. Mtu mwenye figo dhaifu asisubiri augue ndipo aulize.

Gharama sitazificha. Dawa zilipofika tano kwa siku, bajeti ya nyumba ilitikisika. Kwa miezi miwili nilikuwa nameza atorvastatini siku moja na kuiruka siku nyingine ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, na kliniki sikuwaambia. LDL ilipogoma kushuka chini ya 2.6 daktari alitaka kuongeza dozi. Hapo nikakiri. Hakunigombeza. Alinibadilishia baadhi ya dawa, kitu kilekile kutoka kiwanda kingine kwa bei ya chini, akaniambia ipi nisiiguse kamwe hata mfuko ukibana na ipi tunaweza kuijadili. Kama unaruka dozi kwa sababu ya fedha, mwambie anayekutibu. Akidhani unameza kila siku atakuongezea dawa usiyoihitaji.

Trigliseridi zilishuka kwa njia nyingine kabisa. Niliacha vinywaji vyote vyenye sukari, pamoja na juisi nilizokuwa nikizidhania ni za afya, nikapunguza wanga uliokobolewa, nikatembea dakika 40 siku tano kwa wiki. Mwili ulipungua kilo sita ndani ya miezi saba. HbA1c ikafika 6.8, na trigliseridi zikatoka 3.8 hadi 2.1. Nilimwuliza daktari kwa nini asinipe fenofibrati, maana nilisikia inashusha trigliseridi. Alisema inazishusha kweli, na majaribio yameonyesha inaweza kupunguza uvujaji wa albumini, lakini inapandisha kreatinini, na ikiongezwa juu ya statini haikuonyesha kwa ujumla kuwakinga watu na mshtuko wa moyo. Huiweka zaidi kwa wale ambao trigliseridi zao ziko juu kiasi cha kuhatarisha kongosho. Mimi sikufika huko.

Jambo dogo la maabara: LDL iliyo kwenye karatasi nyingi haipimwi moja kwa moja, inakokotolewa kutokana na namba nyingine. Trigliseridi zikizidi 4.5 kwa milimoli, au 400 kwa miligramu, hesabu hiyo ya zamani haiaminiki. Njia rahisi ni kutoa HDL kwenye kolesteroli yote. Kinachobaki ndicho mafuta yote mabaya kwa pamoja, na hakihitaji kufunga kula. Trigliseridi zenyewe hupanda baada ya mlo, kwa hiyo mimi huwa nazipima nikiwa sijala, maabara ileile, ili nilinganishe vinavyolingana.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu nesi yule aniulize swali lake. ACR yangu ya mwisho ilikuwa 64. eGFR iko 55, imekaa hapohapo kwa mwaka na nusu. LDL ni 1.7, presha 126 kwa 78. Makovu yaliyokwisha kutokea kwenye figo hayafutiki, na nitakuwa na ugonjwa huu maisha yangu yote. Usiku wa kuamkia siku ya vipimo bado silali vizuri.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike aligundulika na kisukari. Alinipigia akilia, akanisomea sukari ya asubuhi. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamwomba arudi aombe vipimo vya mafuta, eGFR na uwiano wa albumini kwenye mkojo, na anitumie picha ya karatasi yote, vizio vikionekana. Trigliseridi zake ni 2.9. Albumini imetoka 41. Sampuli ya pili anaipeleka Jumatatu, na nimemwambia nitamsindikiza.